Mguu wa Dada: kisa cha kuhariri kumbukumbu za vichekesho vya mapenzi

Kuhusu kisa hiki

Mwandishi wa mswada huu nitamwita Tunu. Si jina lake, wala halifanani na jina lake. Nimebadilisha pia kazi za watu, miaka, na vitu viwili vitatu ambavyo sitavitaja, maana kumwambia msomaji umeficha nini ni nusu ya kufichua. Tunu amelisoma andiko hili na kuliruhusu. Dada yake pia ameliruhusu, na kwa nini nilihitaji ruhusa ya dada itaeleweka huko mbele. Mimi nilikuwa mhariri. Ninawaandikia wahariri wenzangu, pamoja na waandishi wanaotaka kugeuza misukosuko yao ya mapenzi kuwa kitabu cha kuchekesha, kazi ambayo kwa mbali huonekana nyepesi.

Usuli

Tunu alikuwa na miaka 27 aliponiletea mswada. Kwa muda mrefu alikuwa maarufu kwa rafiki zake kwa jambo moja: kila akitoka na mwanamume, kesho yake asubuhi kundi zima lilisubiri ujumbe wake wa sauti kama watu wanavyosubiri taarifa ya habari. Waliucheka, wakausambaza, wakauomba tena. Mwishowe mmoja akasema neno ambalo limewaponza wengi: "Si uandike kitabu!"

Akaandika. Maneno 74,000, sura 11, kila sura na mwanamume wake. Kila mmoja alipewa jina la kupanga: Bwana Jedwali, Bwana Kimya, Bwana Nipo Njiani. Lugha ilikuwa safi na jicho lake lilikuwa kali. Sura ya kwanza ilinivunja mbavu. Ya pili nikatabasamu. Kufika ya tano nilikuwa nasoma kwa wajibu, na kwenye ya tisa nikajikuta nawaonea huruma wale wanaume, jambo ambalo kitabu hakikulikusudia hata kidogo.

Usomaji wa kwanza

Ilinichukua siku kadhaa kujua tatizo liko wapi, kwa sababu ukitazama sentensi moja moja, bado zilichekesha. Tatizo la kwanza lilikuwa mwendo. Tunu anakutana na mtu, mtu anaonyesha dalili ya ajabu, dalili inakua, mambo yanaharibika mbele ya watu, Tunu anatamka neno moja la kukata, anachukua mkoba wake, anaondoka. Ukishasoma sura mbili za hivyo, ya tatu unaifahamu kabla haijaanza. Msomaji akishatangulia kufika, kicheko hakimkuti.

La pili lilikuwa zito zaidi. Katika sura zote 11, Tunu hakukosea hata mara moja. Wanaume wote vituko, mzima ni yeye peke yake. Nyani haoni kundule, ila msomaji hulitafuta hasa. Mtu akikusimulia maafa 11 na hana hatia katika hata moja, unaanza kujiuliza kimyakimya: ni nani aliyekuwepo kwenye yote?

Nilimwandikia barua ya kurasa nne. Naikumbuka kwa aibu kidogo, kwa sababu nilisema jambo la kweli kwa namna isiyomsaidia mtu, kwamba msimulizi "hana dosari, kwa hiyo haaminiki". Akajibu kwa adabu yote: "Nimekuelewa, mwalimu, lakini ndivyo ilivyokuwa." (Mimi si mwalimu. Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza na sikuwahi kumsahihisha, pengine kwa kuwa nilipenda.) Tukakwama mwezi mzima.

Jaribio la simu

Kilichotukwamua kilikuwa bahati kuliko utaalamu. Nilitaka tu kujua kwa nini rafiki zake walicheka pale nilipochoka mimi. Nikamwomba amsimulie rafiki mmoja kisa cha Bwana Jedwali bila karatasi, kama alivyokisimulia siku zile, simu ikiwa inarekodi.

Kwenye mswada kisa kilikuwa hivi. Mwanamume anampa Tunu simu yake atazame picha. Tunu anabonyeza pasipo, linafunguka jedwali lenye majina ya wanawake na safu za alama: mwonekano, mazungumzo, uchangamfu, "uwezekano wa baadaye". Jina lake limo. Ana 6.5. Anamrudishia simu, anasema, "Mimi nimekupa sifuri, na sikuhitaji jedwali," anaondoka zake.

Kwenye rekodi, ya dakika 9, jedwali lilikuwepo na 6.5 ilikuwepo. Ila hakuondoka. Alimuuliza zile alama za uchangamfu kazipataje. Bwana Jedwali akaeleza. Tunu akapinga, akatoa mifano, akataja mizaha aliyoifanya jioni ile ile ambayo kwa maoni yake haikuhesabiwa. Walivutana karibu nusu saa kama watu wanaopitia ripoti ya ukaguzi, mpaka yule bwana akakubali kumpandisha hadi 7, na Tunu akarudi nyumbani amefurahi. "Halafu na upumbavu wangu," anasikika akisema, "nikatoka naye mara mbili nyingine, natafuta 8." Rafiki yake hapo hana tena sauti, anapumua tu kwa shida.

Nikahesabu. Rafiki alicheka kwa sauti mara 6. Mara 5 kati ya hizo alikuwa anamcheka Tunu, na mambo yote matano hayakuwemo kwenye mswada. Alipokaa kuandika aliyaondoa moja baada ya jingine, wala hakujua kwamba anaondoa kitu, aliona anasafisha. Lile jibu la sifuri, alikuja kunikiria baadaye, alilitunga wiki moja baada ya tukio, akiwa anaoga.

Nilimtumia rekodi na sura ile vikiwa pamoja, bila maelezo. Akanipigia usiku huo huo. "Mwalimu, nimejifuta kwenye kitabu changu mwenyewe."

Nimewaona waandishi wengi wakiangukia hapo hapo, na sidhani ni majivuno. Anayesimulia kwa mdomo huuma na kupuliza kwa pamoja: neno likiwa kali, uso unalipoza, akijisifu, sauti inajikebehi. Halafu wanaomsikiliza ni watu wanaompenda tayari. Kwenye karatasi uso haupo, sauti haipo, na msomaji ni mgeni. Linabaki lile neno kali peke yake. Nora Ephron, mwandishi wa Marekani, alipenda kueleza fundisho alilolipata kwa mama yake: ukiteleza, watu wanakucheka, ukiwasimulia wewe mwenyewe ulivyoteleza, kicheko kinakuwa mali yako. Katika mswada wa Tunu waliokuwa wakiteleza ni wengine tu, naye amesimama pembeni akionyesha kidole.

Mguu

Baada ya hapo nilimuuliza swali moja: kisa gani hukukiandika kwa sababu mkosaji ulikuwa wewe? Akanyamaza kidogo. Akasema kipo kimoja, lakini hakifai.

Mtu mwenyewe tulikuja kumwita Bwana Mwavuli. Alifika kwa wakati, alisikiliza, aliuliza maswali ya maana. Hakuwa na kituko chochote. Tunu alichoka naye tu, kama dakika ya arobaini hivi, bila sababu anayoweza kuitetea. Badala ya kusema, akaweka simu sikioni akajifanya kapigiwa: dada yake kaanguka, kavunjika mguu, yuko hospitali. Akatoka mbio. Nje, mvua ya kumwagika. Akiwa amejibanza ukutani akasikia mlango nyuma yake. Yule bwana alikuwa amemfuata na mwavuli wake. Akamkabidhi, akasema mgonjwa kwanza, mengine baadaye, akaingia mvuani akaondoka akilowa.

Usiku ule akatuma ujumbe: mguu upi? Tunu akajibu, wa kushoto. Kesho yake: wamemfunga plasta? Wiki iliyofuata: ameanza kukanyaga? Kila ujumbe ulikuwa wa kiungwana kiasi kwamba kweli ilizidi kuwa ngumu kusemeka. Njia ya mwongo ni fupi, tumeambiwa. Hii ilikwenda miezi miwili. Tunu alisoma habari za mifupa mtandaoni. Alimpa dada yake plasta, akampa magongo, akamvua plasta, akamwanzisha mazoezi ya viungo. Dada mwenyewe, ambaye hajawahi kuvunjika hata ukucha, hakuwa na habari.

Mwezi wa tatu kukawa na harusi. Bwana Mwavuli kaalikwa upande mmoja, dada kaalikwa upande wa pili, na dada yuko katikati ya ukumbi anacheza kwa nguvu zote. Mtu wa tatu, kwa nia njema, akawatambulisha. Bwana Mwavuli aliposikia jina uso ukamfunguka: "Pole sana, dada! Mguu unaendeleaje?"

"Mguu gani?"

Hapo dada akamwona mdogo wake nyuma ya bega la yule bwana, amejishika kichwa kwa mikono miwili. Akamtazama mdogo wake. Akamtazama mgeni. Akasema, "Ah, huu mguu. Nikicheza ndiyo unanisumbua." Akachechemea mpaka kwenye kiti, na akaendelea kuchechemea hadi harusi ikaisha, kwa ajili ya mguu ambao hata hakujua ni upi.

Tunu hakuwa akicheka aliponisimulia haya. Mimi ilinibidi nisogeze simu mbali na mdomo.

Sura ile aliiandika mara tatu. Mara ya kwanza alimgeuza Bwana Mwavuli kuwa king'ang'anizi, ili uongo uonekane una haki. Nilikataa, na sikuhitaji kueleza sana. Mara ya pili alijichapa: ukurasa baada ya ukurasa wa majuto, jinsi alivyo mtu mbaya, jinsi asivyostahili wema. Hiyo nusura niipitishe, kwa kuwa ilionekana ni uaminifu. Lakini kujilaani mbele ya msomaji ni kumwomba akubembeleze, na mtu hawezi kukubembeleza na kukucheka kwa wakati mmoja. Mara ya tatu aliandika alichofanya, hatua kwa hatua, bila neno hata moja kuhusu anavyojiona leo. Plasta, magongo, mazoezi. Ikawa ndiyo.

Kuficha watu: tulichoamua na sababu zake

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi zaidi.

Tunu aliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba ukibadilisha jina umemaliza. Nilimpa mfano wa kesi ya Bindrim dhidi ya Mitchell, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa ya California mwaka 1979. Mwandishi alihudhuria vikao vya tiba vya mwanasaikolojia mmoja, kisha akatoa riwaya yenye tabibu anayeendesha vikao vya namna hiyo. Alimbadilisha jina. Alimbadilisha hata sura: tabibu wa kitabuni alikuwa mnene mwenye nywele ndefu nyeupe, ilhali mwenyewe alikuwa na nywele fupi na kidevu kilichonyolewa. Haikusaidia. Vikao vilikuwa vimerekodiwa, maneno yalifanana, na watu waliomjua walimtambua. Mwandishi na mchapishaji wake wakashindwa.

Tena kesi hiyo ilihusu riwaya. Ndiyo maana njia ya pili aliyoifikiria Tunu, kukiita kitabu riwaya, sikuiona kama ngao. Ephron huyo huyo aliandika kuvunjika kwa ndoa yake na mwanahabari Carl Bernstein kwa umbo la riwaya mwaka 1983, na hakuna aliyehitaji kuuliza mume wa kitabuni ni nani.

Kuna hila ya utani ambayo wanasheria wa vitabu wa Marekani huipokezana: mwanamume unayeogopa kwamba atakushitaki, mwandike kuwa ana maumbile madogo kuliko kawaida, kwani hakuna atakayesimama mahakamani kusema "yule ni mimi". Tunu alipoisikia alitaka kuitumia kwa wote 11. Nilimkatalia kwa sababu mbili. Huo ni uzushi, na kumbukumbu ikianza kuzua, msomaji ana haki ya kudai chake: James Frey alipobainika mwaka 2006 kuwa ametia chumvi sehemu za kumbukumbu zake za ulevi, mchapishaji wake alifikia hatua ya kuwarudishia fedha wasomaji waliojiona wamedanganywa. Sababu ya pili ni kwamba ni mzaha wa bei rahisi, nao ukirudiwa mara 11 unamwaibisha anayeusema.

Kilichonifungua macho zaidi kuliko kesi zote ni jambo la miaka ya karibuni. Mwaka 2017 jarida la The New Yorker lilitoa hadithi fupi ya Kristen Roupenian kuhusu msichana wa chuo na mwanamume aliyemzidi umri, ikasomwa dunia nzima. Mwaka 2021 mwanamke mmoja akaandika kwamba mji, kazi na mambo madogo madogo ya msichana yule yalikuwa ya kwake, na mwandishi akakiri kuwa ameyachukua kwa mtu halisi ambaye hakuwahi hata kukutana naye. Hapakuwa na jina wala tukio lake. Ni vitu vidogo tu, na vilitosha watu wanaomjua kumtambua.

Kwa hiyo tuliacha kuuliza, "Je, atajitambua?" Atajitambua, mtu hujitambua hata asipokuwemo, kama tutakavyoona. Swali likawa: mfanyakazi mwenzake, akisoma sura hii kwenye basi, atamjua? Chochote ambacho hakikubeba kicheko, yaani kazi, urefu, mwaka, mahali, tulikibadilisha bila huruma. Kilichobeba kicheko tulikiacha, na kama hicho hicho ndicho kinachomtambulisha mtu, sura ilitoka. Ndivyo alivyoondoka Bwana Kimya. Utamu wake wote ulikuwa kwamba riziki yake ni kuzungumza redioni saa nzima bila kupumua, na akiwa mezani hatoi maneno kumi. Mbadilishie kazi, mzaha umekufa. Mwachie, mji mzima unamjua. (Na hapa pia si redio.)

Tunu alipendekeza pia kuwaunganisha wachelewaji watatu wawe Bwana Nipo Njiani mmoja. Wapo wahariri wanaoruhusu hilo mradi lielezwe mwanzoni. Mimi sikuliruhusu, na nakiri ni suala la ladha kuliko kanuni: watu watatu wanaochelewa, kila mmoja kwa sababu yake, wanachekesha. Mmoja anayechelewa mara tatu anachosha. Tulichokubali ni kusogeza nyakati, na ukurasa wa mbele ukasema hivyo waziwazi.

Sura ya nane

Sura hii ilihusu mwanamume aliyemtawala. Alishika simu yake, alimchagulia rafiki, alimfuata kazini. Tunu aliiandika kwa mizaha kama nyingine, na mizaha ilikuwa imekakamaa, kama mtu anayecheka huku ameuma meno. Nilishauri ibaki lakini isimuliwe bila utani, kurasa sita tu, kitabu kinyamaze kidogo katikati. Niliona ni uamuzi wa kishujaa. Wasomaji wawili wa majaribio waliisifu, nami nikajisifu pamoja nao.

Wiki tatu kabla ya mswada wa mwisho, Tunu aliniomba aitoe. Alikuwa amejaribu kuisoma kwa sauti akashindwa kuvuka ukurasa wa pili. Nilibishana naye siku nzima, nikiwa na hoja zote nzuri za kisanaa. Naona haya kuliandika hili. Ilitolewa.

Matokeo

Kitabu kilitoka kikiwa na sura 7 na maneno 51,000. Hazikupangwa tena kwa wanaume. Zilipangwa kwa kile alichokuwa akikitaka Tunu wakati huo: kupata 8, kutoonekana mkorofi, kuthibitisha kwamba wa zamani amekosea kumwacha. Wanaume wawili walijikuta sura moja, mmoja akagawanyika kwenye sura mbili. Mwendo wa kukutana, kituko na mkoba ukavunjika wenyewe, hatukuhitaji kuupigania.

Mchapishaji, ambaye simtaji, alitaka kitabu kiishe kwa mapenzi yaliyofanikiwa. Ilitokea kwamba wakati huo Tunu alikuwa na mtu, na mambo yalikuwa mazuri, akaandika kurasa mbili nzuri za kufungia. Waliachana kabla kitabu hakijaenda mtamboni. Ilibidi abadilishe mistari sita kwa simu, akiwa njiani. Kurasa zile zimebaki na mshono unaoonekana hadi leo.

Tulikuwa tumewapelekea wanaume watatu sura zao wazisome kabla. Bwana Jedwali alijibu kwa masahihisho: alama ya mwanzo haikuwa 6.5, ilikuwa 6.8, na rekodi bado anayo. Wa pili hakujibu. Bwana Mwavuli alijibu baada ya siku tano. Alisema amecheka, hana pingamizi, ila kuna jambo moja lisilo sahihi: kitabu kinasema alidanganyika miezi miwili. Alijua tangu wiki ya tatu, kwa sababu wiki hiyo Tunu aliandika kwamba mguu wa kulia umeanza kupata nguvu. Aliendelea kuuliza kwa kuwa alitaka kuona atafika wapi. Ule "pole sana, dada" wa harusini alikuwa ameuandaa tangu alipoingia ukumbini na kumwona dada anacheza.

Tunu aliniomba siku mbili. Aliongeza aya moja tu mwishoni mwa sura, nayo ndiyo watu humtajia mpaka leo.

Simu ya hasira ilikuja moja. Ilitoka kwa mwanamume ambaye hakuwemo kitabuni kabisa, aliyekuwa na hakika kwamba Bwana Nipo Njiani ni yeye.

Kilichofanya kazi

Rekodi ilifanya kazi kuliko barua yangu ya kurasa nne, na sasa huanzia hapo kwa kila mtu anayeniletea vichekesho vya maisha yake. Simkosoi. Namwomba asimulie, kisha tunatafuta kilichodondoka kati ya mdomo na karatasi. Mara nyingi kilichodondoka ni yeye.

Kumpelekea mhusika sura yake kabla kulituletea mwisho wa kisa ambao hakuna aliyeweza kuutunga. Sidai kwamba kila mwandishi afanye hivyo. Yule wa sura ya nane, kwa mfano, hakustahili kupelekewa chochote, na kumpelekea kungekuwa hatari. Ruhusa tuliiomba kwa watu ambao Tunu aliwakosea, au aliokoseana nao nusu kwa nusu. Tofauti hiyo hatukuipanga tangu mwanzo, tuliiona baadaye.

Kupunguza nako kulisaidia. Sura nne zilizotoka hazikuwa mbaya. Zilikuwa za mtu aliyekaa pembeni anatazama vituko, na vituko vya kutazama tu mtu havimtoshi kitabu kizima.

Kilichoshindikana

Sura ya nane nimeshaisema. Nilichanganya mahitaji ya kitabu na mahitaji ya mtu. Kitabu kingeweza kuibeba, lakini kwa Tunu jambo lile lilikuwa bado halijapita, na mimi, niliyejua kupima sentensi, sikujua kupima hilo. Ningemwomba aisome kwa sauti miezi minne mapema, tungelijua siku hiyo hiyo.

Kosa kubwa zaidi halikuwa la wanaume. Miezi yote ile, pamoja na kesi za California na mabadiliko ya urefu na kazi na miaka, tulikuwa tukiwalinda watu ambao majina yao hakuna aliyeyajua. Mtu mmoja tu kitabuni asingeweza kufichwa kwa namna yoyote, kwa sababu jina la mdogo wake liko kwenye jalada. Kila anayemjua Tunu anamjua dada yake. Hatukumpelekea sura. Hatukumuuliza. Ukweli ni kwamba hatukumfikiria hata mara moja. Tulimwona ni sehemu ya Tunu.

Alikisoma kitabu kama wasomaji wengine, baada ya kukinunua. Kufikia mwezi wa pili, kazini kwake watu walikuwa wakimuuliza habari za mguu kila asubuhi. Mkubwa wake alimuuliza kwenye kikao. Kwa wiki kadhaa hakuzungumza na mdogo wake, na alipozungumza naye, Tunu anasema, hakugomba. Alisema tu, "Wanaume wa kupita njia umewaomba ruhusa. Mimi niliyechechemea usiku mzima kwa ajili yako, hukuniambia hata samahani."

Nilimwomba radhi mwenyewe, kwa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza toleo la pili linatoka lini. Nikamwambia. Akasema ana masahihisho mawili. La kwanza, pale alipoandikwa kuwa alicheza "kwa nguvu zote", aandikwe kuwa alicheza vizuri. La pili, alichechemea mguu wa kushoto. Alikuwa amebahatisha, na alibahatisha sawasawa, na anataka ijulikane.

Yote mawili yamo.